Kuwaotiza

"Kwani wewe unapoteza nini? Hebu niambie. Unapoteza nini?"

Shemeji alikuwa ameshauliza hilo swali mara kadhaa, na kila akiuliza sauti inapanda ngazi. Amesimama katikati ya sebule yake, tai imelegea, soksi miguuni, anagonga kiganja kwa kidole kama mtu anayedai chenji dukani.

"Nimeshakujibu," nikasema. "Siendi kusema uongo mbele ya kamati."

"Uongo. Mnamsikia. Kosa la uchapaji leo limekuwa uongo."

"Basi si uende ukalikiri wewe? Si ulichapa wewe?"

"Usimjibu shemeji yako hivyo," mama akapaza sauti, na mama yangu si mtu wa kupaza sauti kwenye nyumba ya mkwe. Hapo huwa anakaa kwenye ncha ya kochi kama amekuja kuomba kazi.

"Simjibu, mama. Naongea naye."

"Unamjibu. Na kidole umenyoosha."

Nilikuwa nimenyoosha kweli. Nikakirudisha.

Dada yangu alikuwa amekalia mkono wa kochi. Anamwangalia mumewe, anarudi ananiangalia mimi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni na zote zina madoa.

Ngoja nieleze, maana ukituingilia hapo katikati utadhani tunagombea urithi.

Shemeji, huyu mume wa dada, ni msaidizi wa mbunge. Msaidizi maana yake nini? Mimi pia sikujua mpaka nilipokwenda kukaa ofisini kwake. Anabeba mkoba. Anashika simu mbili, moja ya watu wanaopokelewa na nyingine ya watu wanaoambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Anaandika hotuba. Anacheka kabla kichekesho hakijafika mwisho, ili Mheshimiwa ajue kimefika. Mtaani wanamwita Bwana Mkoba. Sijui kama anajua. Nadhani anajua na anaona ni cheo.

Mimi nilimaliza shule, matokeo yakatoka, na sitaki kuyazungumzia sana. Kwenye Kiswahili nilipata alama ya juu kabisa. Kwingine kote, tuseme walimu walinihurumia wakashindwa. Nikawa nakaa nyumbani nahesabu mabati. Mama akamwambia dada, dada akamwambia mumewe, mumewe akasema aje ofisini ajishikize, akili isiote kutu. Ndo nikawa napanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kila asubuhi, maana lifti ilishakufa na maiti yake iko palepale, mlango wazi, wanahifadhia viti vibovu. Kazi yangu ilikuwa chai, kubana karatasi kwa pini, na kumwaga ndoo iliyokuwa chini ya kiyoyozi kabla haijafurika.

Kule ndo nikamwona Mdau.

Jina lake halisi halikutajwa hata siku moja. Bwana mmoja mwembamba, shati halina kunjo, akikaa tu anavua saa anaiweka mezani, kama vile anakwambia muda wangu huu hapa, utumie kwa adabu. Alitumwa na wenye viwanda vya rangi za nyumba. Kazi yake yote ilikuwa kuzunguka kwa waheshimiwa na kuwashawishi. Kwenye ofisi ile hakuna aliyewahi kutamka neno rushwa. Rushwa ni ya karani na askari wa barabarani, watu wasiosoma. Pale tulikuwa tunawezeshwa. Tulikuwa tunashirikishwa. "Wadau wametushirikisha," Shemeji anasema, na kesho yake ana simu mpya. "Wadau wametuwezesha kidogo," na mafundi wa kampuni wanakuja nyumbani kwake na ngazi na makopo, wanapaka nyumba nzima ndani nje, bure. Kama angekuwa karani ameshikwa na kilo ya sukari, angeshafungwa. Kwa vile ni nyumba nzima, ikaitwa ushirikiano.

Sasa, bungeni kulikuwa na muswada. Ulitaka kupiga marufuku rangi zenye madini ya risasi, zile za bei rahisi wanazopaka shule na vituo vya afya, kwa sababu madaktari walishasema watoto wakila vumbi lake linawaingia kwenye damu na kuwadumaza akili. Shemeji alipomweleza Mheshimiwa mara ya kwanza, Mheshimiwa alishtuka. "Rangi ina risasi? Za bunduki?" Ikabidi aelezwe upya. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikang'ata ulimi. Huyo ndo mtu anayetutungia sheria.

Mheshimiwa alitakiwa asimame aupinge. Hotuba yake ikaletwa na Mdau kwenye flashi, imeshaandikwa, tamu, ina takwimu na machozi. Ila ilikuwa na kasoro moja. Iliandikwa na wenye viwanda, nao wakaandika kama wenye viwanda. Sisi tumeajiri. Sisi tumewekeza. Sisi tunasisitiza. Mbunge hawezi kusimama akasema sisi wenye viwanda, hata mbunge wetu.

Kazi ya Shemeji ilikuwa moja tu, kuigeuza. Mahali pa sisi paje wao. Mtu mwingine angekaa akasoma. Yeye alikunja mikono ya shati, akaniita nisogee nione.

"Wewe ungeanza ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, si ndiyo?"

"Pengine."

"Ndo mnavyochelewa maishani. Tazama." Akaiambia kompyuta, kila penye sisi weka wao. Akabonyeza. Ikamaliza kabla sijapepesa. "Dunia ilishatoka huko kwenye kalamu, bwana mdogo. Toa nakala, bana, peleka."

Nikatoa nakala, nikabana, nikapeleka. Sikusoma. Nani anasoma hotuba ya Mheshimiwa? Hata Mheshimiwa haisomi mpaka aisome bungeni.

Kompyuta haina akili, ina utii. Ukiiambia iondoe sisi inaondoa sisi popote ilipo, hata ile iliyojificha ndani ya "tunasisitiza", hata ile iliyolala ndani ya "tusisite". Na zile "tu" za "tumewekeza" na "utatuumiza" ikaziacha zikae, maana hakuna aliyezitaja.

Tuliangalia kwenye tivii ya ofisini, Shemeji amekaa mbele, miguu juu ya kiti cha pili. Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti juu ya tumbo, akaanza kusoma. Na Mheshimiwa anasoma kilichoandikwa. Ukimwandikia "geuza ukurasa" atatamka.

"Mheshimiwa Spika, wao wenye viwanda vya rangi tunawaotiza kwamba muswada huu utatuumiza."

Shemeji akashusha mguu mmoja.

"Nawaotiza tena, Mheshimiwa Spika. Mwaotizo wetu ni ajira. Naomba waheshimiwa wenzangu tuwaote kuukataa muswada huu."

Mguu wa pili ukashuka.

Mbunge wa upande wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, akasimama. "Naomba mwongozo wako, Mheshimiwa Spika. Kuwaotiza ni nini?" Ukumbi wote ukageuka. Mheshimiwa wetu akainua kidevu, bila wasiwasi wowote, akajibu, "Ni neno la kitaalamu. Kama mwenzangu hasomi, asilaumu taaluma."

Kesho yake mji mzima unawaotiza. Kinyozi ananiuliza nikuwaotize pembeni au nipunguze tu? Konda anawaotiza nauli. Watoto wanakimbizana wanawaotizana. Ingeishia kwenye kicheko, mambo yangekwisha, maana huku tukicheka tunasamehe. Ila mwandishi mmoja wa gazeti, mwanamke asiye na kazi nyingine inaelekea, alichukua kumbukumbu rasmi za Bunge, akarudisha sisi kila palipo na wao. Hotuba ikanyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Gazeti likatoka na kichwa kimoja, herufi kubwa ukurasa mzima: SISI NI NANI?

Hilo swali ndo limeamsha Kamati ya Maadili. Maadili, eti. Nasikia nusu ya wajumbe wake nao wanashirikishwa, ila wamebahatika kuwa na wasaidizi wanaosoma. Kamati ikamwita Shemeji afike kesho asubuhi, yeye na yeyote aliyeigusa hotuba ile. Ndo maana jioni hii nikapigiwa simu nije nile na familia. Sikuona chakula. Nilikuta mama ameshaletwa na gari, amekaa kwenye ncha ya kochi, macho yamevimba.

Basi turudi sebuleni.

"Sikiliza," Shemeji akashusha sauti ghafla. Ana sauti mbili, kama simu zake. Hii ya pili ni ya kupokea watu. "Mimi nakupenda kama mdogo wangu wa damu. Mdau yuko tayari kukupeleka chuo. Chuo cha nje. Kwa matokeo yako yale, nani mwingine angekuchukua?"

"Umeona?" mama akasema. "Chuo, mwanangu."

"Kwa kusema nini?"

"Kwamba ulichapa wewe, ukakosea. Basi. Watacheka, watakuonya, unakwenda zako. Kesho kutwa hakuna anayekukumbuka. Njoo, kaa hapa, tufanye majaribio. Mimi ndiye mwenyekiti."

Akavuta kiti cha meza ya chakula, akakaa, akavaa miwani ambayo haitumii kusomea. Sijui kwa nini nilikaa. Nadhani nilitaka kuona atafika wapi. Kuna watu ukiwaacha waongee wanajichimbia kaburi wenyewe na jembe hawakuazima.

"Kijana, hotuba hii uliichapa wewe?"

Nikaiangalia ile miwani.

"Unajibu, 'ndiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti.' Unainamisha kichwa. Siyo hivyo, umeinama kama unatafuta kifungo. Kidogo tu. Haya. Na haya maneno ya ajabu yametoka wapi?" Akabadilisha upande wa kiti, sasa yeye ni mimi, akakunja mabega. "'Mheshimiwa, mimi Kiswahili changu ni dhaifu. Niliona kusisitiza nikadhani limekosewa, nikalirekebisha.'"

Hapo nikacheka. Sikukusudia, kilitoka chenyewe.

"Nini tena?"

"Shemeji, Kiswahili ndo kitu pekee nilichopasi. Duniani sina alama nyingine."

"Nani ataenda kuangalia?"

"Mtaa mzima unajua. Mama alizunguka na ile karatasi ya matokeo nyumba kwa nyumba, ameikunja sehemu ya masomo mengine."

"Niliikunja," mama akasema kwa sauti ndogo, anaangalia mkoba wake.

"Basi tutasema ulichoka," Shemeji akasema. "Ulisinzia. Hilo dogo. Tuendelee. Kijana, hotuba hii ulipewa na nani?"

"Na wewe," nikasema.

"Hapana."

"Si uliitoa mfukoni mwako? Flashi nyekundu."

"Hapana, hapana, sikiliza." Akavua miwani. "Ulikutana na yule bwana kwenye ngazi. Mimi simjui yule bwana. Akakupa flashi, akakupa na kitu kidogo cha nauli. Ukaenda ukaiingiza kwenye kazi za ofisi, mimi nina haraka, nikaamini ni ile niliyoiandika. Nimeteleza kwa kukuamini wewe. Hilo nalikubali, msimamizi lazima akubali."

Mama ndiye aliyeuliza. Mama hajasoma sana, ila kitu kidogo anakijua, amekitoa hospitali, amekitoa kwa mjumbe, amekitoa hata makaburini. "Kitu kidogo gani, mkwe wangu?"

"Mama, ni maneno tu ya kamati."

"Hapo si umesema mtoto alipokea?"

"Ni namna ya kusema, mama."

"Mimi uliniambia kwenye gari ni kuandika vibaya." Akanigeukia, akamgeukia yeye. "Basi baba, aseme la kuandika vibaya. Hilo lingine aliache."

Sitamlaumu mama. Anapatana bei kila siku ya maisha yake, na hapo alikuwa anapatana bei ya mwanawe, aone kama itashuka kidogo.

"Halisimami bila hilo lingine, mama," Shemeji akasema. "Kamati itauliza ilitoka wapi. Lazima iwe imetoka kwa mtu. Na nimeshampa Mheshimiwa jina lake."

"Umeshampa jina langu lini?" nikauliza.

"Jana."

"Kabla hujaniita."

"Nilijua utakubali. Wewe si mtu wa nyumbani?"

Unajua, mtu akikuuza kwa hasira unaweza kumwelewa. Huyu aliniuza jana mchana, akiwa ametulia, labda anakunywa chai niliyompikia mimi, halafu leo ananifundisha jinsi ya kuinamisha kichwa. Na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Mwanamume mzima, mkoba wa ngozi, simu mbili, anaogopa watu wa kumuuliza swali. Nilikuwa namwogopa huyu. Mwaka mzima nilikuwa nikisikia viatu vyake kwenye ngazi nasimama wima. Nikamtazama vizuri na sikuona ni kipi hasa kilichokuwa kinanisimamisha wima.

"Nikuulize na mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema.

"Usilete mzaha."

"Mafundi walipokuja kupaka hapa, mimi ndo nilibeba makopo kutoka kwenye gari. Si unakumbuka? Walileta kwanza yale ya kawaida. Ukapiga simu, unafoka, yakarudishwa yote. Wakaleta mengine, yameandikwa ubavuni haina risasi. Yale ya kuuza nje. Kwa nini?"

Akaangalia ukuta, kama vile ukuta ndo ulioulizwa. Ukuta mzuri, sitaki kudanganya. Rangi ya maziwa, laini, haina harufu.

Dada ndiye aliyejibu, kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Kwa sababu hapa kuna mtoto. Unauliza kitu gani hicho?" Mpwa wangu alikuwa chumbani amelala, ana umri wa kuokota kila kitu na kukionja.

"Na huko shuleni kuna nini, dada? Mbuzi?"

"Usimwingize mke wangu," Shemeji akasema.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua. Siyo kwamba ulidanganywa na Mdau, siyo kwamba hukusoma. Hotuba hukuisoma, lakini kopo ulilisoma."

"Wewe umeanza siasa siku hizi?" Akasimama, sauti ya kwanza imerudi. "Umekula hapa. Hilo shati ni langu. Viatu ulivyokuja navyo nilikununulia mimi. Mama yako alipolazwa nani alilipa? Nani alikwenda pale hospitali wakaacha kumweka kwenye korido? Ni huyu unayemnyooshea kidole. Ukinipeleka chini mimi, hamtaanguka wengine? Mtaning'inia wapi?"

Hilo lilikuwa kweli, ndo ubaya wake. Mama aliinamisha kichwa, tena vizuri, kama Shemeji alivyotaka mimi niiname. Watu wa aina hii hawakosi kitu kizuri walichokufanyia. Wanakiweka akiba. Siku wanayokihitaji wanakitoa, wanakipangusa vumbi mbele ya macho yako.

"Nashukuru kwa mama," nikasema. "Kwa mama nashukuru kweli. Lakini hukuniambia bei yake ndo hii."

"Hakuna bei. Ni msaada wa familia."

"Ni ushirikiano," nikasema.

Dada akainuka kutoka kwenye mkono wa kochi. Akaja akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono begani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nimeanguka. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kusoma. Ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, ameshika mkono wangu na sanduku lake la vitabu. Nilidhani atasema, jamani mwacheni.

"Mdogo wangu," akasema, "hebu tuongee kama watu wazima. Yeye ana jina. Jina lake lina watu nyuma yake, mimi, mtoto, mama, hata wewe. Likiharibika tunaumia wote. Lako wewe nani analijua? Huna kazi, huna mke, huna hata akaunti. Jina ambalo halijatumika litaharibikaje?"

Alilisema kwa upole, ndo kilichoniuma. Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananieleza hesabu, na hesabu ilikuwa imemtoka safi. Mumewe alitikisa kichwa kukubali, ameridhika, kama vile angejua mkewe anaongea vizuri hivyo angemwajiri mapema.

Nikautoa mkono wake begani. Taratibu.

"Halijatumika, dada. Ni kweli. Ndo sitaki lianze kutumika hivi."

"Usiwe mtoto."

"Kesho nitakuja kwenye kamati. Jina langu si limeshapelekwa? Wakiniuliza nani alikaa kwenye kompyuta, nitawaambia. Wakiuliza flashi ilitoka mfuko gani, nitawaambia. Wakiuliza kopo liliandikwaje, nalo nitawaambia, wasipouliza nitawakumbusha."

"Hawatakuamini," Shemeji akasema. "Wewe ni nani?"

"Basi una wasiwasi gani?"

Simu moja ya Shemeji ikaanza kutetemeka mezani. Akaitazama, akaniangalia, akaitazama tena, na uso ukamlegea kabisa, ukawa uso wa mtu aliyekwenda haja akakuta hakuna maji. "Ni Mheshimiwa," akasema. "Anataka kujua kama umekubali. Nimwambie nini? Shemeji. Nimwambie nini?"

Sasa nimekuwa Shemeji. Mwaka mzima nilikuwa bwana mdogo.

"Mwambie unawaotiza," nikasema, nikasimama.

Sasa hapo ndo ilitakiwa nitoke kwa kishindo, kama watu wanavyotoka kwenye tamthilia. Tatizo, kwa dada viatu vinavuliwa mlangoni. Ikabidi nichuchumae pale kwenye kizingiti, mgongo wangu kwao, nianze kuhangaika na kamba. Hakuna kinachoua hasira kama kamba za viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na fundo, kucha zangu fupi, nikalivuta likazidi kukaza. Nyuma yangu simu ilitetemeka mpaka ikakata, ikaanza tena. Ni viatu alivyoninunulia yeye, ndiyo, nilikumbuka. Nilifikiria kuviacha nitoke peku. Nikaona hapana. Kwa chai yote niliyompikia bila mshahara, viatu nimeshavilipa.

Fundo likaachia.

"Mwanangu," mama akasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani, hajulikani kama anataka kuja au anataka kukaa. Nadhani hata yeye hakujua. Alinyoosha mkono, akauangalia mkono wake mwenyewe, akaushusha.

"Nje kuna baridi," akasema.

"Najua, mama."

Shemeji alikuwa ameshapokea simu. Amegeukia ukuta, amejifunika mdomo kwa kiganja, na sauti yake ilikuwa ya tatu, hii sikuwahi kuisikia, nyembamba kama ya mtoto aliyevunja glasi. "Ndiyo, Mheshimiwa. Hapana, Mheshimiwa. Tuko naye hapa, Mheshimiwa, anakaribia kuelewa."

Nikatoka, nikaufunga mlango.